Mbuzi wa Duara

Sabasaba ya mwaka 2025 iliangukia Jumatatu. Wiki chache kabla yake, tarehe 19 Juni, Rais Samia Suluhu Hassan alikuwa amefungua daraja la Kigongo–Busisi, na kila simu niliyoishika ilikuwa na picha ya daraja hilo. Mambo hayo mawili ndiyo yaliyonitoa Morogoro. Kifungua mimba wangu, mhasibu huko Dodoma, alinipigia: "Mama, sikukuu imeungana na wikiendi, daraja limefunguliwa, na mwanao wa Geita hatujamwona tangu Krismasi. Wewe panda treni tu, mengine niachie mimi."

Mengine niachie mimi. Maneno hayo yalikuwa yangu. Niliyatumia miaka yote tuliyosafiri na watoto hawa kwa mabasi ya Shinyanga kwenda Morogoro, mimi nikiwa na tiketi, maji, mkate na mtoto mmoja mgongoni, wao wakiulizwa swali moja tu: nani anataka kujisaidia. Sasa wote watatu wana ajira, wana simu zinazojua njia, na mimi mstaafu nimepewa kiti cha mbele na mto wa shingo.

Nilifundisha shule za msingi Shinyanga tangu 1984 hadi 1999, na wote watatu wamezaliwa pale. Wa kwanza anakumbuka mengi, wa kati anakumbuka vumbi. Kitinda mimba, ambaye tuliondoka naye hajafikisha miaka mitatu, hakumbuki chochote, lakini huko Dar es Salaam hujitangaza kuwa mtu wa Shinyanga, hasa ubishi wa mpira ukipamba moto na jina la Stand United likatajwa.

Yeye alipanda treni ya SGR Dar, nikamkuta ndani nilipopanda Morogoro, na dada yake akatupokea Dodoma. Alfajiri ya Ijumaa tukaingia kwenye gari: Manyoni, Singida, kisha mteremko wa Sekenke. Hapo Sekenke nina hadithi yangu ya siku zote. Wajerumani walianza kuchimba dhahabu pale mwaka 1909, na Vita ya Kwanza ilipowakatia njia ya bahari, dhahabu ya eneo hilo iligeuzwa sarafu za rupia 15 mjini Tabora, mwaka 1916, zenye picha ya tembo. Nimeisimulia kila tulipopita, na kila mara watoto walikuwa wamelala. Safari hii kitinda mimba aliinua kichwa akauliza mwamba wa Sekenke ulikuwa unatoa gramu ngapi kwa tani. Sikujua. Nilishangaa tu kijana anayetengeneza programu za simu amelitoa wapi swali la namna hiyo. Igunga, Nzega, Tinde. Giza lilikuwa limeshaingia tulipofika Shinyanga, na chakula kilikuwa kimeagizwa kwa simu kabla hatujafika.

Asubuhi nilitoka nje ya nyumba ya wageni nikautafuta mji niliouacha. Zamani ukisimama kwenye uwanja wa shule yetu uliona vumbi la basi muda mrefu kabla ya kuliona basi lenyewe. Sasa miti imeziba. Mijohoro, miarobaini, milusina, na nyuma yake vichaka vya kienyeji ambavyo hakuna aliyevipanda, vimeota vyenyewe kwa kuachwa.

Kuachwa huko kulikuwa kazi. Wakoloni wa Kiingereza walihimiza misitu ya Usukumani ifyekwe ili mbung'o wakose pa kuishi. Pamba na mifugo vikamalizia iliyobaki. Nilipopangiwa kituo mkoa huo nilipewa pole na kila mtu. Mwaka ule ule wa 1984 Mwalimu Nyerere, akiwa bado Rais, alifika akaona ardhi ilivyochakaa, na mwaka 1986 ukaanza mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI. Wataalamu walikuja na miche yao, lakini kilichouokoa mkoa zaidi ni ngitili, desturi ya Wasukuma wenyewe: mvua zikianza unatenga eneo, ng'ombe hawaingii, hadi kiangazi kikikaza ndipo unalifungua kwa ajili ya malisho. Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 ilikuwa imewahamisha watu mbali na ngitili zao. HASHI iliwaambia wazirudishe. Zilirudi kwa maelfu ya hekta, na mwaka 2002 mpango huo ukapewa tuzo ya kimataifa ya Ikweta.

Sisi walimu tulikuwa jeshi la mpango huo. Kila mwanafunzi alikuwa na mche wake, na kiangazi kila mmoja alikuja shuleni na kidumu cha maji kutoka nyumbani, wakati nyumbani kwenyewe maji yalikuwa ya kununua kwa wauza maji wa baiskeli. Binti yangu alikuwa mmoja wao.

"Wangu ulikuwa mjohoro," alituambia tulipofika kwenye geti la shule. "Uliliwa na mbuzi."

"Ukaadhibiwa?" mdogo wake akauliza.

"Mwalimu wa zamu alikuwa Mama."

Niliangalia pembeni. Mijohoro ya wenzake ipo, minene, na chini yake watoto wa siku hizi wamechimba vishimo vya kuchezea gololi. Hawabebi vidumu. Mwaka 2009 maji ya Ziwa Victoria yalifika Shinyanga na Kahama kwa bomba kutoka Ihelele, Misungwi. Sisi enzi zetu tulilitegemea bwawa la Ning'hwa, na likipungua tulijua kwa rangi ya chai.

Ratiba ya binti ilisema saa moja kwa soko. Nilikaa zaidi. Muuza michembe mmoja, mama wa makamo, aliniita "mayu" nikamjibu kwa Kisukuma changu cha kuungaunga, akacheka mpaka akashika kiuno. Kisha akamgeukia kitinda mimba: "Mwangaluka, ngosha." Kijana akabaki anatabasamu tu, mtu wa Shinyanga yule. Nikanunua michembe, na nsansa, mboga ya majani makavu. Michembe, kwa asiyeijua, ni viazi vitamu vilivyomenywa, vikakatwa vipande na kuanikwa. Unavitafuna vikavu au unavichemsha, na mtoto aliyelishwa hivyo shuleni hasahau. Kitinda mimba alitafuna kipande kimoja akauliza kama kuna chenye ladha.

Jioni nilifungua pochi kulipa chakula, nikaambiwa niifunge. Walikuwa wameshagawana bili kwa simu, mezani, mbele yangu, bila neno. Nilijisikia vizuri na vibaya kwa wakati mmoja, nikaagiza soda ya pili kwa makusudi.

Jumapili tulitoka mapema kuelekea kaskazini. Maganzo hatukukaa. Ni mji mdogo wa barabarani uliosogea kwenye uzio wa mgodi wa almasi wa Mwadui. Dokta Williamson, mjiolojia wa Kanada, aliigundua almasi hiyo mwaka 1940. Mwaka 1947 ikatoka pale almasi ya rangi ya waridi ya karati 54.5 ambayo alimzawadia Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza kwa harusi yake. Alipofariki mwaka 1958 mgodi ukanunuliwa na kampuni ya De Beers pamoja na serikali, nusu kwa nusu. Tangu wakati huo wenyewe wamebadilika mara kadhaa, na uzio umebaki, pamoja na wabeshi, wale wanaojipenyeza usiku kutafuta almasi kwenye mchanga wa watu. Novemba 2022 kingo za bwawa la tope la mgodi zilipasuka na tope likafunika nyumba na mashamba ya Ng'wanholo. Niliyaeleza haya yote kwa sauti ya darasani. Kitinda mimba aliuliza jambo moja: mchimbaji mdogo wa Maganzo anapataje leseni. Dada yake alimtazama kwenye kioo.

Baada ya Mwigumbi barabara ilijaa malori ya pamba, maana Julai ni msimu. Hungumalwa, Mabuki, Misungwi, kisha Usagara tukakata kushoto kwenda Kigongo.

Daraja lina urefu wa kilomita 3, na siku ile nadhani nusu ya waliolipita walikuwa wamekuja kulipita tu. Magari yalikwenda taratibu, watu wametoa simu madirishani, na askari wa barabarani walikuwa na kazi ya kuwafukuza wanaosimama kupiga picha. Ghuba ya Mwanza ilikuwa tulivu na chini yetu mitumbwi ilionekana midogo. Upande mmoja nililiona gati la kivuko likiwa tupu.

Wapo wanaokililia kivuko, na nimewasikia wakisema safari imepoteza utamu. Mimi simo. Nilivuka Kigongo mara nyingi kwenda kumtembelea shemeji yangu Sengerema, na ninachokumbuka ni foleni. Ukifika umechelewa kidogo, MV Sengerema inaondoka unaiona, unakaa saa mbili, saa tatu, unakula mayai ya kuchemsha usiyoyataka. Hilo si kitu. Usiku mmoja tulikaa foleni nyuma ya gari lenye mama mjamzito aliyekuwa anakimbizwa hospitali ya Bugando, Mwanza, na kivuko kilikuwa upande wa pili. Dereva alitoka akasimama ukingoni akipunga tochi, kana kwamba meli ingeona aibu ikageuka. Sijui yule mama aliishia wapi. Sasa ni mwendo wa dakika chache, usiku na mchana.

Aliyeumia ni muuzaji. Busisi tulisimama kununua samaki na mama aliyetukaangia sato alitueleza hesabu yake bila kuulizwa: zamani kila kivuko kilichotia nanga kilimletea watu mia kadhaa wasio na pa kwenda. Sasa wanapita juu kwa kasi. Alikuwa anafikiria kuhamia Sengerema mjini. "Daraja zuri, mama," alisema, "ila halina njaa." Tulinunua samaki wengi kuliko mahitaji yetu.

Geita ilitupokea kwa vumbi jekundu na mwanangu wa kati, ambaye alikuwa ametoka zamu ya usiku na hakuwa amelala. Ni fundi wa mitambo mizito kwa mkandarasi mmoja wa mgodi. Amenenepa. Alinisalimia shikamoo akinikumbatia, nikasikia harufu ya dizeli shingoni, ile ile ya baba yake.

Kwa mgeni Geita ni mji wenye haraka. Ulikuwa makao makuu ya wilaya tu, mwaka 2012 ukawa makao makuu ya mkoa, na majengo yanaonekana kama yameambiwa wiki iliyopita. Dhahabu yenyewe si ya jana. Wajerumani waliijua, Waingereza waliichimba chini ya ardhi tangu miaka ya 1930 hadi mgodi ukafungwa mwaka 1966, kisha mwaka 2000 ukafunguliwa mgodi mkubwa wa sasa, GGM, mali ya AngloGold Ashanti, ambao hutoa karibu wakia nusu milioni kwa mwaka. Mwanangu alituzungusha kwa gari nje ya uzio. Vilima vilivyo ndani vimekatwa ngazi ngazi, na vingine vimejengwa upya kwa mawe yaliyotolewa shimoni. Mabaki hayo ya mawe watu wa Geita wanayaita magwangala, na kwa miaka mingi wamedai wapewe wayachambue, kwa sababu jiwe ambalo kampuni inaliona halina faida, familia inaweza kulitwanga ikapata ada ya shule. Siasa za Geita huwezi kuzielewa bila magwangala.

Usiku tulikula barazani kwake, wali, yale masato ya Busisi, na nsansa nilizopika mwenyewe kwa karanga. Ndipo wa kati, kwa usingizi au kwa makusudi, akamwambia mdogo wake: "Sasa bosi, kesho unakwenda kuliona duara lako saa ngapi?"

Binti akaweka kijiko chini. "Duara lipi?"

Ikatoka yote. Mwaka uliotangulia kitinda mimba alichanga na rafiki zake wawili wa Dar wakaingia ubia kwenye duara moja, yaani shimo la wachimbaji wadogo, njia ya Nyarugusu. Shimo halikuwa lao wala leseni haikuwa yao. Wao walikuwa wanatoa gharama, ili mwamba ukipatikana wagawiwe mifuko ya mawe. Kwa upande wake alikuwa ameshatuma milioni sita. Msimamizi alikuwa anawaambia kila mwezi kwamba wamebakiza mita chache. Wiki ile wakia moja ya dhahabu ilikuwa imepita dola 3,300 katika soko la dunia, na nilikuja kutambua kwamba nusu ya vijana wenye mishahara Tanzania wana rafiki mwenye duara.

Sikupiga kelele. Mtu wa miaka ishirini na minane unampigia kelele kwa mamlaka gani, hela si yako? Nilimwomba tu anionyeshe matumizi. Akanipa simu. Msimamizi alikuwa akituma orodha kwa WhatsApp, zimeandikwa vizuri kuliko maandalio ya masomo ya walimu wengi niliowahi kukagua: dizeli ya kompresa, kukodi pampu, kamba, baruti, betri za tochi, unga, dagaa, maharage, matimba ya kuzuia kuta za shimo. Na chini, mwezi wa Machi na tena mwezi wa Mei: mbuzi 1.

"Mbuzi wa kitoweo?" niliuliza.

"Wa eneo, Mama."

"Eneo linakula mbuzi?"

Wa kati alicheka. Mimi sikucheka, na nilieleza kwa nini, na huenda niliongea kwa muda mrefu. Nilipokuwa nafundisha Shinyanga, vikongwe walikuwa wanauawa vijijini kwa tuhuma za uchawi, na ushahidi ulikuwa macho mekundu. Macho hayo yalitokana na moshi. Mkoa uliomaliza miti yake ulikuwa unapikia vinyesi vya ng'ombe na mabua, na bibi aliyepika hivyo miaka arobaini hawezi kuwa na macho meupe. Tulipoambiwa tupande miti ili tuzuie jangwa, mimi nilikuwa nawapandia bibi za wanafunzi wangu kuni. Kisha, tulipokuwa tumeshahama, kuanzia mwaka 2007 ikaja zamu ya watu wenye ualbino, wakiuawa Kanda ya Ziwa kwa sababu waganga waliwadanganya watafuta mali, wachimbaji na wavuvi wakiwemo, kwamba viungo vyao vinavuta bahati. Kituo cha Buhangija pale Shinyanga kilijaa watoto waliotolewa kwao ili wasiuawe. Januari 2015 serikali ilipiga marufuku wapiga ramli. Najua mbuzi ni mbuzi na mganga wa mbuzi wawili si muuaji. Lakini anayelipa hajui mganga atataka nini mwamba ukizidi kugoma.

"Hela yako inaingia kwenye orodha usiyoisimamia," dada yake alisema. Mhasibu yule, alikuwa amefika pale pale kwa njia fupi zaidi.

Asubuhi ya Sabasaba tulikwenda wote wanne. Machimbo yalikuwa uwanda wa mashimo yenye vibanda vya maturubai, kelele za kompresa, na vijana wengi wenye udongo hadi kwenye kope. Msimamizi alikuwa mtu mpole, akaniamkia vizuri, kisha akatuomba mimi na binti tusubiri kivulini. Mwanamke akikaribia mdomo wa duara, dhahabu inakimbia.

"Hela ya mdogo wangu inashuka mle, macho yangu yasishuke?" binti akauliza.

"Samahani sana, dada. Ni taratibu za hapa."

Alibaki amesimama katikati ya njia, mikono kiunoni, hakusogea mbele wala nyuma mpaka mwisho. Mimi nilikwenda kukaa na wanawake waliokuwa wakiponda mawe kwa nyundo chini ya turubai, na nikafaidi. Nusu saa pale ilinifundisha duara kuliko orodha zote za WhatsApp. Katika mifuko kumi inayotoka shimoni, mitatu ya kwanza ni ya mwenye leseni. Halafu kuna mwenye shamba. Kinachobaki, mwenye duara na wadhamini wake wanagawana na vijana wanaoshuka, ambao hawana mshahara, wanakula tu wakisubiri mgawo. Mfuko wako unaupeleka kalasha kusagwa, unalipia. Unaupeleka mwaloni kuoshwa, mchanga unapita juu ya magunia, dhahabu inanaswa kwa zebaki. Na zebaki inanasa kidogo, mara nyingi haifikii nusu ya dhahabu iliyomo. Mchanga unaobaki unaitwa marudio, na marudio huwa mali ya mwenye mwalo. Yeye hayatupi. Anayakusanya miezi, anayapeleka kuchenjuliwa kwa sayanaidi, na humo ndimo ilimolala dhahabu ya watu.

"Kwa hiyo anayetajirika ni mwenye mwalo," nilisema.

"Na sisi tunaouza wali," alijibu mmoja, "maana wali tunalipwa papo hapo."

Hakuna mmoja wao aliyewahi kuweka hela kwenye duara. Mkubwa wao alikuwa na watoto wanne na kiwanja Katoro.

Wa kati alirudi kutoka shimoni kimya. Huko kazini kwake hawagusi mashine bila kikao cha usalama, na mtu akisahau miwani anarudishwa nyumbani. Alisema shimo lina mita arobaini hivi, matimba ya juu ni mapya, ya chini ni machache na yameanza kuoza, na kamba ameiona. "Kwetu wangefunga leo," alisema. Kitinda mimba alikuwa amepauka. Alikuwa amechungulia tu, hakushuka, na katika miezi yote ya kutuma hela ilikuwa mara yake ya kwanza kuona kwamba mle ndani kuna watu. Walikuwepo vijana wawili waliokuwa wanakunywa chai kabla ya kushuka. Mmoja alimshukuru kwa dagaa.

Tulirudi mjini tukapita nje ya soko la dhahabu, lililofunguliwa Machi 2019, la kwanza la aina yake nchini. Pale mchimbaji anapimiwa mbele ya ofisa wa serikali, mrabaha wa asilimia 6 na ada ya ukaguzi ya asilimia 1 inakatwa, mzigo unapata karatasi. Kabla yake dhahabu ilikuwa inauzwa gizani kwa mwenye mizani na maneno mazuri. Kitinda mimba hakuomba kuingia. Hakuwa na cha kupima.

Tukamwacha wa kati alale, tukashika njia ya Katoro, mji wa biashara unaokimbia kuliko makao makuu yake, kisha Runzewe, Ushirombo, Masumbwe, hadi Kahama tulikolala. Bahati yangu ni kwamba garini hakuna anayeweza kuondoka. Niliwakumbusha Nyangalata, hapo hapo Kahama, ambako Novemba 2015 wachimbaji watano walitolewa hai baada ya kukaa chini ya ardhi siku 41, na mwenzao mmoja alifia humo. Binti alitoa ushauri wa kihasibu: milioni sita zimekwenda, zihesabu kama zimepotea, funga daftari. Nilidhani ningekubaliana naye. Nilisikia nikisema kitu kingine, kwamba akifunga daftari leo wale vijana watashuka kesho kwenye matimba yale yale, kwa sababu wao hawana daftari.

Walibishana hadi Kahama. Mimi nilisinzia. Nilipoamka walikuwa wamefikia mwafaka bila kuniuliza: kitinda mimba na wenzake watatuma hela mara moja tu, yote ya matimba na kamba mpya, kaka yake wa Geita ataenda kuhakikisha kwa macho, na baada ya hapo wanajitoa. Bili ya chakula cha Kahama nililipa mimi. Nilikuwa nimempa mhudumu pesa tulipokuwa tunaingia, kabla hawajakaa, na walipotoa simu zao walikuwa wameshachelewa.

Tarehe 11 Agosti, kule Nyandolwa, wilaya ya Shinyanga, machimbo yalititia na watu 25 wakafukiwa. Nilisikia redioni nikiwa napika. Nyandolwa ni mbali na duara letu, niseme la mwanangu, lakini nilipiga simu Dar kabla ya kuzima jiko, nikamwuliza hela ya matimba ilifika lini.

"Ilifika mwezi uliopita, Mama. Kaka alikwenda, amenitumia picha, yamewekwa hadi chini."

"Na wewe umeshatoka?"

"Nimetoka. Msimamizi alituma orodha ya mwisho, nikamkatia mbuzi."

"Alikuwa ameandika mbuzi tena?"

"Wawili, Mama. Alisema kwa sababu mwanamke alisimama njiani."